Je, wajua kwa nini kijiji cha Pyrgi kilijengwa kama ngome?

Kusini mwa kisiwa cha Chios nchini Ugiriki, karibu na pwani ya Uturuki, kipo kijiji cha wakulima kiitwacho Pyrgi ambacho kilijengwa kwa tahadhari ya mji wa vita. Nyumba za pembezoni zilishikamana na kuziba migongo yao zikawa ukuta, milango ya kuingilia ilikuwa michache, vichochoro ni vyembamba, na mapaa bapa yalipangwa yakaribiane kimo ili wenyeji waweze kukimbia kutoka paa hadi paa mpaka kwenye mnara wa katikati, wenye urefu wa takriban mita 18. Kilicholindwa hapo ni utomvu wa mti mfupi.

Utomvu huo ni mastiki, ambao kwa karne nyingi watu wameutafuna kama ubani na kuutia katika dawa, vyakula na vinywaji. Mti wenyewe ni wa jamii moja na mpistachio, na aina yake inayotoa utomvu kwa wingi hustawishwa kusini mwa Chios, penye kiangazi kikavu. Mkulima husafisha ardhi chini ya mti, huitandaza unga mweupe wa chokaa, kisha hulichanja gome kidogo kidogo wakati wa Julai na Agosti. Matone hudondoka, hukauka kwa muda wa wiki mbili hivi, huokotwa, na baadaye huchambuliwa na kusafishwa moja moja kwa mikono, kazi ambayo wanawake wa vijijini huifanya kwa subira ya kustaajabisha.

Wafanyabiashara wa Genoa, mji wa Italia, waliotawala kisiwa kuanzia mwaka 1346 hadi 1566, walihodhi biashara hiyo, na ngome za vijiji vya mastiki kama Pyrgi zilihusu faida yao: ziliwazuia maharamia wasiingie, na vilevile ziliwarahisishia watawala kazi ya kuhakikisha kwamba mavuno hayatoroshwi na wakulima wenyewe. Waosmani, yaani watawala wa Kituruki, waliowafuata waliuthamini utomvu huo kiasi kwamba mwaka 1822, askari wao walipoua makumi ya maelfu ya watu kisiwani, vijiji vya mastiki kwa sehemu kubwa vilinusurika.

Hata hivyo, kinachomsimamisha mgeni leo ni kuta. Nyumba nyingi za Pyrgi zimefunikwa kwa pembetatu, miraba na duara za kijivu na nyeupe, hadi chini ya roshani, nazo hazikupakwa kwa brashi kama zinavyoonekana. Fundi hupiga lipu ya chokaa na mchanga wenye weusi, huipaka chokaa nyeupe, huchora mistari kwa vipimo, kisha hukwangua weupe kwa uma mahali anapotaka giza lijitokeze. Lazima amalize kabla lipu haijakauka. Wajuzi wengi huihusisha sanaa hiyo, iitwayo xysta, na Wagenoa. Kwa maoni yangu, ustadi wa mafundi wa Pyrgi walioiendeleza hadi leo unastahili sifa zaidi kuliko asili yake.

Karibu na uwanja wa kijiji limo kanisa dogo la Mitume Watakatifu, lenye michoro ya ukutani ya mwaka 1665, nalo lilijengwa kwa kuiga kanisa la Nea Moni, monasteri ya kisiwani humo. Si mbali na hapo, huko Emporios, ufukwe wa Mavra Volia umejaa kokoto nyeusi zilizotokana na volkano ya kale.

Moto wa mwaka 2012 uliteketeza miti mingi ya mastiki, hasara nzito kwa sababu mche huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanjwa. UNESCO iliutambua ujuzi wa kilimo hicho kuwa urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, na mwaka 2016 Jumba la Makumbusho la Mastiki likafunguliwa nje kidogo ya Pyrgi. Anayetaka kuuelewa mpango wa kijiji hiki afike Agosti au Septemba, ayatazame mashamba wakati wa mavuno kwanza, ndipo aingie vichochoroni.