Rangi ya waridi iliyokolea haina sifa: dhana potofu za kemia changanuzi

Titresheni, yaani kupima asidi kwa kuidondoshea besi (au kinyume chake) mpaka iishe, tumeizoea tangu sekondari: kiashirio cha kubadili rangi, MO (methili ya machungwa) au POP (fenoftalini, inayogeuka waridi kwenye besi), bureti (mrija wenye alama wa kudondoshea), namba tatu zinazokaribiana, alama zote. Ndiyo maana mwanafunzi huingia kozi ya kemia changanuzi chuoni akijiamini kupita kiasi. Dhana zinazomwangusha nyingi amekuja nazo kutoka huko.

“Asidi ikiisha, pH ni 7.”

Kwa asidi kali na besi kali, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, sawa. Chukua siki sasa. Ukiititreti kwa sodiamu haidroksaidi, vyote vikiwa karibu 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), asidi inapomalizika pH huwa kama 8.7, kwa sababu asetati, iliyotokana na asidi ya siki na kubaki kwenye flaski, nayo ni besi, ingawa dhaifu. POP hubadilika rangi kati ya 8.2 na 10, kwa hiyo inafaa. MO hubadilika kati ya 3.1 na 4.4. Ukiitumia kwenye siki, itakuwa imeshageuka njano kabisa wakati hata theluthi moja ya asidi haijaguswa. Kiashirio hakijui asidi imeisha au haijaisha. Kinachoitikia ni pH tu. Kuchagua kiashirio ni sehemu ya hesabu, wala si suala la chupa ipi iko karibu na mkono.

“Rangi ikikolea ndiyo uhakika.”

Ikikolea, umepitiliza. Unachotafuta ni waridi hafifu, ya kuonekana kwa shida juu ya karatasi nyeupe, inayodumu kama nusu dakika. Ikififia baadaye usiongeze tone: ni kaboni dayoksaidi ya hewani inaingia. Na kumimina kiashirio kingi ili “rangi ionekane vizuri” ni kosa jingine, maana kiashirio chenyewe ni asidi dhaifu na hula sehemu ya besi yako.

“Kila chombo kisuuzwe kwa mmumunyo utakaotiwa ndani.”

Bureti na pipeti, ndiyo. Flaski, hapana! Ukiisuuza kwa siki, umeshaongeza siki usiyoipima. Isuuze kwa maji yaliyokenekwa, na yakibaki matone ndani yaache. Maji hayaongezi wala hayapunguzi moli za asidi. Tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti ya ujazo mmoja nalo usilipulize. Aliyeichora alama ya pipeti alishalihesabu.

“Namba zangu tatu zinafanana, basi ni sahihi.”

Hii ndiyo ngumu kuing’oa, na naona mitihani ya vitendo ndiyo inayoilea. Tuseme umepata 24.60, 24.65 na 24.60. Mkono wako ni mtulivu, hongera. Lakini ile sodiamu haidroksaidi ulipima gramu 4.00, ukaijaza maji mpaka lita moja, ukaandika 0.1 M kwenye lebo. Vipande vyake hunyonya unyevu vikiwa bado kwenye sahani ya mizani, na mmumunyo ukiachwa wazi hunyonya kaboni dayoksaidi. Lebo inasema 0.1, chupa ina pungufu, na siki yako itatoka kali kuliko ilivyo, mara tatu mfululizo, kwa kulingana kabisa. Kurudia mara kumi hakusaidii, kwa sababu kosa limo ndani ya chupa. Dawa ni kuisanifisha besi hiyo, yaani kuitafutia nguvu yake halisi, kwa kitu kinachopimika kwa uaminifu, kama potasiamu haidrojeni ftaleti (KHP): gramu 0.51 hivi, ikiwa imekaushwa, hukutana na mililita 25 za besi ya 0.1 M.

Wanaopika matokeo ili yafanane siwasemi hapa. Hao wana tatizo la aina nyingine.

Na wastani wa namba hizo usiandikwe 24.61666667 kwa kuwa kikokotoo kimesema. Tone moja la bureti ni kama mililita 0.05. Andika 24.62 utosheke.

“Mashine imepima protini.”

Haijapima. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitoa mbinu ya kuchemsha sampuli ndani ya asidi salfuriki kali, kuigeuza naitrojeni yake kuwa amonia, kisha kuititreti. Kinachopimwa ni naitrojeni. “Protini” huja baadaye, pale mtu anapozidisha kwa kizidishi maalumu: 6.38 kwa maziwa, 6.25 kwa vyakula vingi. Mbinu inachukulia kwamba naitrojeni yote imetoka kwenye protini.

Huko China walikuwepo waliolijua hilo vizuri. Maziwa yaliongezwa maji, kisha yakatiwa melamini, ile ile inayotengenezewa sahani ngumu zilizomo kwenye makabati yetu. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni naitrojeni. Ukiipima yenyewe tupu kwa Kjeldahl, hesabu itakuambia ina “protini” zaidi ya asilimia 400. Titresheni zilikuwa safi, ripoti zikasomeka vizuri, na mwaka 2008 watoto wapatao 300,000 waliugua, wengi kwa mawe kwenye figo. Watoto 6 walifariki.

Mbinu ya Kjeldahl bado inatumika. Kilichoongezwa pembeni yake ni kipimo kinachoitafuta melamini yenyewe, na tangu 2010 kikomo cha kimataifa kwa unga wa maziwa ya watoto wachanga ni miligramu 1 kwa kilo.