Je, kila namba kwenye dodoso ni data ya kiidadi?

Hapana. Wengi hufundishwa kwamba data za kiidadi ni namba na data za kimaelezo ni maneno, kisha wanakwama mara tu wanapofungua faili la dodoso. Namba ya simu ni tarakimu tupu, lakini haipimi chochote; inatambulisha tu. Namba ya jezi ni vivyo hivyo. Hata hali ya ndoa, ikiandikwa 1 kwa asiyewahi kuoa au kuolewa, 2 kwa mwenye ndoa, 3 kwa mtalaka na 4 kwa mjane, hubaki kuwa sifa. Kompyuta itakupa wastani wa 2.3 bila kulalamika, na 2.3 hiyo haielezi ndoa ya mtu yeyote.

Cha kuuliza ni hiki: je, tofauti kati ya namba mbili ina ukubwa ule ule popote? Kutoka miaka 30 hadi 40 ni miaka 10, na kutoka 60 hadi 70 ni 10 ile ile. Umri, basi, ni data ya kiidadi.

Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani, S. S. Stevens, aligawa vipimo katika ngazi nne, na inayosumbua zaidi ni ile ya mpangilio. Fikiria nyanya sokoni. Kilo mbili ni kilo moja mara mbili kwa muuzaji yeyote. Ila fungu dogo, la kati na kubwa yana mpangilio tu: unajua lipi limezidi, hujui limezidi kwa kiasi gani, na mafungu mawili madogo huenda yasifikie moja kubwa. Majibu ya “sikubali kabisa” (1) hadi “nakubali kabisa” (5), mtindo uliotokana na kazi ya Rensis Likert ya mwaka 1932, ni mafungu, si kilo. Watu watano wakichagua 1 na watano wakachagua 5, wastani ni 3, yaani “sina msimamo”, jibu ambalo hakuna hata mmoja aliyelitoa. Wataalamu bado wanabishana kama wastani huo unaruhusiwa. Lililo salama ni kuonyesha wangapi walichagua kila jibu.

Makosa mengine huanzia kwenye uingizaji. Excel hufuta sifuri ya mwanzo ya namba ya simu usipoweka safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuandika. Alama ya 99 kwa “hakujibu” nayo huingia kwenye hesabu: watu tisa wenye wastani wa miaka 30, ukiwaongezea hiyo 99, wastani unaruka hadi 36.9. Iainishe kwanza kama jibu linalokosekana.

Maneno nayo huweza kuhesabiwa. Katika mahojiano 20, ukikuta 14 yanataja bei, hiyo 14 ni ya kiidadi. Lakini kama swali lilikuwa wazi, yaani kila mtu alijibu kwa maneno yake, wale sita waliobaki hawajasema bei haiwagusi, hawakuitaja tu. Ukitaka kujua ni wangapi inawagusa, waulize wote swali lile lile. Na kwenye umri, andika miaka kamili, si “18 hadi 35”: makundi utayaunda baadaye, lakini kutoka kwenye kundi huwezi kuurudia umri.