Usugu wa bakteria wa farasi dhidi ya antibiotiki: dhana potofu na ukweli

"Farasi huyu ameizoea dawa." Kauli hii husikika pale maambukizi yanapokataa kupona, nayo hupotosha tangu neno la kwanza, kwa kuwa usugu hauko katika mwili wa farasi bali katika jeni za bakteria wanaomshambulia. Ndiyo maana hata farasi ambaye hajawahi kupewa antibiotiki anaweza kuambukizwa bakteria ambao tayari ni sugu.

Wengine huamini kwamba dawa ndiyo inayouumba usugu. Mwaka 1943 wanasayansi Salvador Luria na Max Delbrück, wakitumia virusi vinavyoua bakteria, walionyesha kwamba mabadiliko ya jeni yanayoleta ukinzani hutokea kwa nasibu, hata kabla bakteria hawajakutana na adui. Kazi ya dawa ni kuchagua: huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Na baadhi ya jeni hizo ni za kale mno, kwani zimepatikana katika udongo ulioganda kwa miaka 30,000 hivi.

Dhana iliyo na madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba ukiunganisha dawa mbili usugu hauwezi kupenya. Hoja yake ina mantiki: ikiwa kila badiliko ni la nadra, mawili kutokea pamoja katika seli moja ni jambo la nadra kupindukia. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba bakteria hana njia nyingine isipokuwa kubadilika mwenyewe, ilhali jeni iliyokamilika huweza kumfikia kutoka kwa jirani.

Mfano ulio wazi ni Rhodococcus equi, bakteria anayesababisha nimonia kwa watoto wa farasi. Kwa kuwa hujificha ndani ya chembe za kinga, hutibiwa kwa dawa ya kundi la makrolaidi pamoja na rifampisini, ambazo hupenya humo. Nchini Marekani iligunduliwa jeni iitwayo erm(46), inayotengeneza kimeng'enya kinachobandika kikundi cha methili kwenye RNA ya ribosomu (mtambo wa seli wa kutengeneza protini), mahali hasa ambapo makrolaidi hujishikiza. Dawa ikikosa pa kushika, bakteria huendelea kutengeneza protini zake. Jeni hiyo imo katika transposoni, yaani kipande cha DNA kinachoweza kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, nacho hubebwa na plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu, ambayo huhamia seli nyingine zinapogusana. Kwa rifampisini lilitosha badiliko moja katika jeni rpoB, ambayo imo kwenye kromosomu. Bakteria aliyepokea plasmidi alibakiwa na hatua moja tu, na kila mtoto wa farasi aliyepewa dawa zote mbili, wakiwemo wengi waliotibiwa kwa sababu tu picha za mawimbi ya sauti zilionyesha dalili ndogo mapafuni, aliwapa nafasi bakteria wenye usugu maradufu.

Je, dawa ikiachwa usugu huondoka? Wakati mwingine hupungua, lakini si lazima. Plasmidi moja huweza kubeba jeni za kukinza dawa kadhaa, hivyo matumizi ya mojawapo huzilinda zote. Katika E. koli, bakteria wa utumboni, wa farasi barani Ulaya zimepatikana plasmidi zenye jeni blaCTX-M-1, inayowezesha kuvunja antibiotiki za kundi la sefalosporini, pamoja na jeni za kumeng'enya aina fulani ya sukari fupi za mimea. Kwa mtazamo wangu, plasmidi yenye manufaa ya chakula ina sababu ya kubaki utumboni hata pasipo dawa.

Wala bakteria sugu hawabaki kwa farasi peke yao. Bakteria waitwao stafilokoki wenye jeni mecA, inayotengeneza protini ya kujenga ukuta wa seli ambayo penisilini haiwezi kuishika vyema, wamepatikana kwa farasi na pia puani mwa madaktari wa mifugo wanaowahudumia. Kwa hiyo mlipuko unapotokea katika hospitali ya farasi, kuwapima farasi pekee huacha upande mmoja wa njia ya maambukizi bila kuchunguzwa.