Je, wajua kwa nini mzee wa Kichina anayegombania bei ya mchicha anamwaga hela kwenye virutubisho?

Ukikaa na vijana wa Kichina wenye wazazi wastaafu, malalamiko yao hayatofautiani sana: mama anabishana sokoni kwa ajili ya fungu la mboga, taa ya sebuleni haiwashwi mpaka giza liingie kabisa, halafu siku moja unafungua kabati unakuta maboksi mpaka juu, kalsiamu, mafuta ya samaki, unga wa protini, ginseng (mzizi wa tiba za Kichina), vidonge vya uyoga, na ukiuliza bei unaambiwa "hayakuhusu". Wengine wanayaficha chini ya kitanda kabisa watoto wasione.

Sasa hawa sio watu wajinga, wengi wamefanya kazi viwandani miaka 30, wamefundisha shule, wamepiga hesabu za serikali. Kwa hiyo inakuwaje?

Kwanza ujue wako wangapi. Mwisho wa 2024 China ilikuwa na watu kama milioni 310 wenye miaka 60 na kuendelea, hiyo ni Tanzania nzima ya sensa ya 2022 mara tano, wote wazee. Na wanastaafu mapema, mpaka 2024 mama wa kiwandani alikuwa anaondoka kazini na miaka 50 tu, ndo kwanza mwaka 2025 wakaanza kuisogeza mbele kidogo kidogo. Kwa hiyo una mtu ana nguvu zake, ana pensheni inaingia kila mwezi, ana muda kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hana pa kwenda. Mfanyabiashara akiona hapo haoni mzee, anaona mteja.

Lakini hela na muda peke yake haitoshi, mbona mzee huyo hanunui viatu? Hapa lazima uelewe kitu wanachokiita yangsheng, kuulea uhai. Kwa Mchina afya sio kitu unachokishtukia siku ukiumwa, unaitunza kila siku kwa unachokula, unavyolala, unavyotembea, na wana msemo kwamba chakula na dawa asili yao ni moja. Supu ni chakula, ila ukitia mizizi fulani ni tiba pia. Kwa hiyo kidonge cha lishe hakikuingia kwao kama kitu cha kigeni, kilikuta kiti kiko tayari kinamsubiri.

Na hapo na sisi watu wa pwani tumo bila kujua. Jongoo bahari wanaokusanywa Lamu, Mafia na Zanzibar, ambao sisi wenyewe hatuwali na mtoto akimshika anapiga kelele, wakikaushwa safari yao ni huko huko, na jina lake kwa Kichina ni haishen, yaani ginseng ya baharini. Punda naye ni hivyo hivyo. Ngozi yake inachemshwa mpaka inakuwa kama gundi, inaitwa ejiao, yenye sifa zaidi ni ya Dong'e mkoa wa Shandong, wanasema inaongeza damu, na kina mama ndo wateja wakubwa. Punda wa China wenyewe walishuka kutoka kama milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpaka chini ya milioni 3, wakaanza kutafuta huku kwetu, Kenya ikafungua machinjio kuanzia 2016, wizi wa punda ukazidi vijijini, serikali ikapiga marufuku 2020, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara hiyo bara zima. Yaani bibi wa Shandong anakunywa kijiko chake asubuhi, na mchota maji wa Turkana anaamka kamba iko ila punda hayupo.

Tukirudi kwenye kabati. Baadhi ya maboksi yale hayakununuliwa na mzee mwenyewe, ni zawadi. Mwaka mpya wa Kichina huendi kwa wazazi mikono mitupu, na boksi kubwa jekundu la virutubisho linaonekana vizuri kuliko kilo za machungwa. Aliyeisoma hii vizuri kuliko wote ni Shi Yuzhu, jamaa aliyekuwa amefilisika na mradi wa ghorofa 70 kule Zhuhai. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akaja na Naobaijin, ambayo ndani yake kitu kikubwa ni melatonini ya kusaidia usingizi. Inasimuliwa kwamba kabla hajasambaza alienda mji mdogo wa Jiangyin akakaa na wazee kupiga stori, wakamwambia dawa ni nzuri ila kununua wenyewe roho inauma, ikiisha wanaweka boksi tupu dirishani ili watoto waone wapate ujumbe. Basi tangazo lake likawa vibonzo vya babu na bibi wanacheza wakisema sikukuu ya mwaka huu hatupokei zawadi, tukipokea ni Naobaijin tu. Watu walilichukia lile tangazo, miaka nenda rudi linapigwa, na dawa ikauzika kama maji ya moto siku ya baridi.

Ila mimi naona kiini chenyewe ni upweke. Kizazi hiki ndicho kilichozaa chini ya sera ya mtoto mmoja, iliyoanza karibu 1980 ikaisha 2015, na yule mmoja yuko Shenzhen au Shanghai, anapiga simu Jumapili akikumbuka. Hali ilifika mpaka sheria mpya ya mwaka 2013 ikaandika kwamba watoto wanaokaa mbali wawatembelee wazazi wao mara kwa mara, fikiria jambo hilo kuandikwa kwenye sheria.

Hapo ndo anaingia kijana wa mauzo. Anaanza na mayai ya bure, njoo kwenye semina ya afya uondoke na trei, na wazee wanapanga foleni asubuhi kweupe. Semina ina muziki, kuna "profesa" kwenye koti jeupe, kuna kupimwa presha bure. Kesho yake kijana anapiga simu, "mama umelala vipi?", anakuja kumbebea gesi, anakumbuka siku yake ya kuzaliwa, wengine wamefika mpaka kuwaosha miguu. Mwezi wa pili ndo anatoa bei. Mtoto wa kumzaa akija juu, "mama umepigwa!", mama anajibu mbona yeye anakuja na wewe huji. Hapo unasemaje?

Serikali haikulala. Bidhaa iliyopitishwa inabandikwa alama ya kofia ya bluu, na tangu Januari 2020 boksi lazima liandikwe kwa herufi kubwa, sehemu isiyopungua asilimia 20 ya upande wake mkuu, kwamba hii sio dawa na haiwezi kuchukua nafasi ya dawa. Hiyo ilikuja baada ya skendo ya Quanjian, kampuni ya virutubisho ya mji wa Tianjin, makala moja ya Desemba 2018 iliyoanza na habari za mtoto mwenye kansa aliyepewa bidhaa zake ikalipua kila kitu, mwenye kampuni Shu Yuhui akafungwa miaka 9.

Je, vinasaidia? Inategemea kipi. Kalsiamu na vitamini D hoja ipo, maana wengi maziwa yanawachafua tumbo na chakula chao hakina kalsiamu ya kutosha. Ginseng mtu akila kidogo kwenye supu sio kesi, ila akiwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini inaweza kuipunguza nguvu. Cha kuangalia zaidi ni wali mwekundu uliochachushwa, hongqu, wa kushusha mafuta kwenye damu, kwa sababu una monakolini K ambayo ni kitu kile kile na lovastatini, dawa ya hospitali ya kazi hiyo hiyo. Mzee anameza vyote viwili, misuli inaanza kumuuma, anaenda kwa daktari, daktari anauliza unatumia dawa gani nyingine, naye anajibu kwa moyo mweupe kabisa hakuna, maana kile kingine kwake ni chakula.