Kuitwa JKT si kupata ajira, na dhana nyingine ninazozisikia kila msimu

Kila yanapotoka majina ya vijana walioitwa Jeshi la Kujenga Taifa, wazazi hunijia nyumbani wakiwa na furaha ambayo najua itawaumiza baadaye. Nilikuwa mkufunzi wa makuruta, na tangu nistaafu nimekuwa nikizishauri familia zenye watoto wanaotaka kwenda jeshini. Kauli ninayoisikia kuliko nyingine zote ni hii: "Afande, mwanetu kapata kazi, kaitwa JKT." Nimeisikia kwa wakulima, kwa watumishi wa umma, na hata kwa walimu wa sekondari ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kuisahihisha. Uvumilivu wangu juu ya kauli hii umekwisha. Mwanenu hajapata kazi. Ameitwa mafunzoni.

Jeshi hilo lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 ili kuwalea vijana, kuwafundisha kazi za uzalishaji na kuwapa mafunzo ya awali ya ulinzi. Kijana huingia kwa mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni mujibu wa sheria, inayowahusu wahitimu wa kidato cha sita. Ilisitishwa mwaka 1994, ikarejeshwa mwaka 2013, na mafunzo yake ni ya miezi mitatu. Ya pili ni ya kujitolea, ambayo maombi yake hupitia wilayani na mkoani, na anayechaguliwa hufunga mkataba wa miaka miwili. Katika miaka hiyo atalishwa, atavishwa, atafundishwa na kupewa posho, lakini posho hiyo si mshahara, na mkataba ukiisha anarudi kwao. Haya hayafichwi. Matangazo ya JKT ya kuwaita vijana wa kujitolea husema waziwazi kwamba jeshi hilo halitoi ajira wala halimtafutii kijana ajira katika vyombo vingine, bali linampa stadi za kujiajiri. Wahitimu wa kidato cha sita nao huorodheshewa vitu vya kwenda navyo kambini: bukta ya bluu iliyokoza isiyo na zipu, fulana ya kijani isiyo na maandishi, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, kisha nauli ya kwenda na ya kurudi nyumbani. Taasisi inayomwagiza kijana aje na nauli ya kurudi imekwisha kueleza nia yake, na mzazi anayeusoma ukurasa huo mpaka mwisho hana sababu ya kunibishia.

Kwa nini basi imani hii haifi? Sababu ya kwanza ni kwamba ina chembe ya ukweli. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linapotangaza nafasi, hutaka mwombaji awe amepitia JKT na kutunukiwa cheti, na vyombo vingine vya ulinzi na usalama vimekuwa vikiwafikiria kwanza vijana wa aina hiyo. Lakini cheti ni sharti la kuomba, na sharti la kuomba si ahadi ya kupata. Wanaotimiza sharti hilo ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa, na hesabu hiyo kila mzazi anaweza kuifanya bila kalamu. Sababu ya pili ni kwamba aliyefanikiwa huonekana. Kijana mmoja akirudi likizo na kombati za JWTZ, mtaa mzima unajua. Wenzake waliomaliza mkataba wakarudi kulima au kuendesha bodaboda hawatajwi na mtu.

Sababu ya tatu ni kumbukumbu ya Mirerani. Ukuta unaozunguka machimbo ya tanzanaiti, wenye urefu wa kilometa 24.5, ulijengwa na vijana wa JKT, na Rais Magufuli alipouzindua Aprili 2018 aliwaahidi ajira. Tangu hapo vijana wengi wameingia kambini wakiamini kwamba kazi ngumu ya ujenzi ni tiketi. Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alieleza kwamba vijana 854 walikuwa wameondolewa jeshini baada ya kugoma wakidai ajira waliyoamini kuwa ni haki yao. Naumia kila ninapolikumbuka jambo hilo, kwa sababu hawakuwa vijana wavivu. Walikuwa wamejengewa tumaini ambalo mkataba waliotia saini haukulibeba, na wa kwanza kulijenga walikuwa ni sisi wazazi na majirani.

Kwa hiyo, kabla familia haijauza mbuzi kwa ajili ya maandalizi, mimi huuliza swali moja: mwezi wa 25 atafanya nini? Asiyekuwa na jibu namshauri aende kwanza chuo cha ufundi. Nimeona kijana akiiacha nafasi ya chuo ili awahi kambini, na huo ni uamuzi ambao siwezi kuuunga mkono hata siku moja. Fundi umeme au fundi bomba anayekwenda JKT hupangiwa kazi zinazomwongezea uzoefu, na siku vyombo vya ulinzi vinapotafuta watu wenye fani, anayo fani ya kuonyesha. Nafasi zisipotangazwa, anarudi nyumbani na mikono yenye kazi. Ushauri huu nimeurudia mpaka wanangu wanaumalizia wakinisikia nikiuanza, na sitauacha.

"Ni mtukutu, tunampeleka akanyooshwe." Dhana hii inakaribia ile ya kwanza kwa madhara. Kambi si shule ya maadilisho. Mwombaji hutakiwa kuwa na tabia njema na asiwe amepatikana na hatia mahakamani, na afya yake hupimwa anaporipoti. Mtumiaji wa dawa za kulevya hakuja mahali pa kutibiwa. Siku ya kuruta huanza kwa filimbi gizani, ikafuata mchakamchaka wa nyimbo, usafi, foleni ya chai, kwata mpaka jua lichome, kisha shamba au ujenzi, na usiku kuna zamu ya lindo. Wiki za mwanzo visigino hutoka malengelenge, na kijana hujifunza kuyafunga kitambaa, kuvaa soksi mbili na kusimama tena kwenye mstari. Ratiba hiyo humwimarisha aliyekubali kufundishwa. Aliyepelekwa kwa kulazimishwa huhesabu siku, hutoroka, au hurudi na ukaidi uleule akiwa na misuli mikubwa zaidi. Mkufunzi mwenye kombania nzima mbele yake hawezi kufanya katika miezi michache kazi ya malezi ambayo baba na mama hawakuifanya kwa miaka kumi na minane.

"Nafasi zinanunuliwa." Hakuna ada ya kuomba wala ya kuchaguliwa. Anayekuomba fedha ili aingize jina la mtoto ni tapeli, hata akiwa amevaa sare, na mahali pake ni kituo cha polisi.

"Jeshi ni la waliofeli." Nafasi za kujitolea huwachukua kuanzia wahitimu wa darasa la saba hadi wenye shahada. Jeshi la Wananchi lina madaktari katika hospitali ya Lugalo, lina wahandisi, wanasheria na marubani, na maofisa wake hufunzwa katika chuo cha Monduli ambako asiyependa kusoma hafiki mbali.

"Siku hizi hakuna vita, ni mshahara tu." Hili husemwa na vijana ambao baba zao walikuwa wadogo wakati wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Wanajeshi wetu wapo mashariki ya Kongo chini ya Umoja wa Mataifa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu zilizounda kikosi maalumu cha mashambulizi huko mwaka 2013. Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilivamiwa, na zaidi ya kumi kati yao wakauawa. Kijana anayetaka kuapa lazima alizungumze jambo hili na wazazi wake, kwa sauti na kwa majina ya mahali, kabla ya kuomba. Akishindwa kulizungumza sebuleni, bado hajaamua.

"Mwenye ulemavu hahusiki." Wahitimu wa kidato cha sita wenye ulemavu unaoonekana wamekuwa wakielekezwa kuripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, ambako kuna miundombinu ya kuwahudumia. Mzazi asimfiche mtoto wake nyumbani kwa kudhani kwamba jina lake limeandikwa kwa makosa. Amsindikize akaripoti kwa tarehe iliyotangazwa, akiwa na vyeti vyake na dawa zake kama anazitumia.