Je, wajua kwa nini barua pepe zinaingia lakini hazitoki?

Akaunti ya ofisi imeshawekwa kwenye programu ya barua pepe, kama Thunderbird au Outlook. Barua zinaingia vizuri, ila ukibonyeza kutuma, ujumbe unaganda, kisha unaambiwa seva haijibu. Intaneti ipo, neno la siri ni sahihi. Kagua namba ya poti (mlango wa mtandao) ya kutuma barua: huenda imeandikwa 25.

Kupokea na kutuma ni huduma mbili tofauti. Kupokea ni kazi ya itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ya IMAP (poti 143, au 993 ikiwa imesimbwa, yaani imefichwa ili wengine wasiisome) au POP3 (110, au 995). Kutuma ni kazi ya itifaki ya SMTP. Anwani ya IP hufikisha data kwenye mashine. Poti, namba isiyozidi 65535, huonyesha ni programu ipi ndani ya mashine hiyo iipokee. Ndiyo maana mlango mmoja unaweza kufungwa na mwingine ukabaki wazi.

SMTP ilipoandikwa mwaka 1982, haikumdai mtumaji neno la siri. Yeyote aliyefika poti 25 aliweza kukabidhi ujumbe. Baadaye kompyuta za majumbani zilizoambukizwa virusi zikawa zinamwaga barua taka kupitia hapo, na watoa huduma wengi wa intaneti wakaamua kuizuia kwa wateja wa kawaida. Leo poti 25 ni ya seva kwa seva: seva yako huuliza DNS (orodha ya majina ya intaneti), poti 53, ni seva ipi inapokea barua za anwani ya mpokeaji, kisha inabisha 25.

Wewe mtumaji tumia 587 au 465. Poti 587 ilitengwa mwaka 1998 kwa ajili ya watumiaji wanaokabidhi barua kwa seva yao, na siku hizi hutakiwa kujitambulisha kwanza. Mazungumzo huanza wazi, kisha amri ya STARTTLS huyafunika. Poti 465 husimbwa tangu mwanzo. Hii ilisajiliwa 1997, ikafutwa muda mfupi baadaye, watu wakaendelea kuitumia, na 2018 ikarudishwa rasmi, safari hii kama chaguo linalopendekezwa. Usishangae basi miongozo ikipingana.

Kosa linalopoteza muda mwingi ni kuchanganya namba na aina ya usimbaji. Ukiweka 465 na kuchagua STARTTLS, programu yako inangoja salamu ya seva, ile inayoanza na 220, wakati seva nayo inangoja programu ianzishe usimbaji. Kila mmoja ananyamaza hadi muda unakwisha. 465 huenda na SSL/TLS (usimbaji wa tangu mwanzo), 587 na STARTTLS.

Kujua kama njia iko wazi, fungua PowerShell kwenye Windows uandike, ukiweka jina la seva yako:

Test-NetConnection mail.example.com -Port 587

Mstari wa TcpTestSucceeded ukisema True, njia ipo. Ukisema False, unganisha kompyuta na data ya simu, ujaribu tena. Ikikubali huko, kizuizi kiko kwenye mtandao wa ofisi au kwa mtoa huduma wake. Mwambie fundi afungue 587 ya kutoka, wala usimwombe 25.

Ukipata kosa namba 535, poti umeshaivuka. Hapo seva imekataa jina la akaunti au neno la siri, na kubadili poti hakutasaidia kitu.