Umefuta Faili, Lakini Data Bado Ipo

Wengi huuza kompyuta au simu ya zamani wakishafuta picha na nyaraka zao, wakiamini wamemaliza kazi. Mara nyingi bado hawajamaliza.

Ukibonyeza “futa”, kwa kawaida data yenyewe haiguswi. Ni kama mtunza stoo aliyekata jina la mzigo kwenye daftari na kuuacha rafuni: nafasi inahesabiwa kuwa wazi, na mzigo hautoki mpaka uletwe mwingine wa kuwekwa palepale. Chukua kadi ya kamera inayotumia mfumo wa FAT, mojawapo ya njia za kupanga mafaili. Ukifuta picha iitwayo DSC00412.JPG, herufi ya kwanza ya jina hubadilishwa kuwa alama ya kufutwa, na jedwali la mafaili huandika kwamba nafasi yake iko huru. Basi. Programu ya kurejesha mafaili, na zipo za bure, huiorodhesha kama _SC00412.JPG, na ukiifungua unaweza kuikuta picha nzima. Fomati ya haraka, yaani kuiandaa kadi au diski upya kama tupu, nayo haisaidii sana, kwani data ya zamani huiacha ilipo.

Mwaka 2003, Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha uchunguzi wa diski zilizotumika walizozinunua. Kati ya 158, zilizofanya kazi zilikuwa 129, na zilizosafishwa ipasavyo 12 tu. Walikuta humo namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, pamoja na taarifa za matibabu. Ndiyo maana nazisihi ofisi zinazopiga mnada kompyuta chakavu: data mnazoziachia ni za wagonjwa, wateja na wanafunzi ambao hawakuulizwa.

Kwa diski ya kawaida inayozunguka, fomati kamili ya Windows, kuanzia toleo la Vista, huandika sifuri juu ya diski nzima. Mara moja inatosha. Diski za SSD, zile zisizo na kitu kinachozunguka, hazifutiki vizuri kwa njia hiyo, kwa sababu zenyewe huhamishahamisha data ndani kwa ndani. Tumia programu ya kufuta ya mtengenezaji, au bora zaidi, washa usimbaji fiche, unaofanya data isisomeke bila ufunguo, tangu siku ya kwanza.

Simu nyingi za miaka ya karibuni tayari zimesimbwa. Ukiziriseti, yaani kuzirudisha hali ya kiwandani, ufunguo hupotea na data inayobaki haisomeki. Simu ya zamani isimbe kwanza kwenye mipangilio, ndipo uiriseti. Na memori kadi itoe kabisa kabla ya kumkabidhi mnunuzi, kwani mara nyingi riseti haiigusi.